Maswali ya Wasomaji: Chuo Kiko Mbali na Nyumbani

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nimemaliza kidato cha sita hapa Kasulu na nimechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba ameamua nikae kwa baba mdogo, Gongo la Mboto, kwa sababu anaamini wasichana huharibikia hosteli, ingawa mimi ningependa kukaa bwenini. Isitoshe, jina langu halimo katika awamu ya kwanza ya mikopo, na mama anasema nisisafiri mpaka litoke. Nifanyeje?
Binti wa Kasulu

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera. Nianze na la mama yako, kwa kuwa ndilo lisiloweza kungoja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa majina kwa awamu kadhaa, kisha hufungua dirisha la rufaa, kwa hiyo kutokuwemo katika orodha ya kwanza si kunyimwa mkopo. Usajili wa chuo, kwa upande mwingine, una siku yake ya mwisho na haufuati ratiba ya Bodi. Tena hata aliyepangiwa mkopo hapati fedha za kujikimu kabla ya kusajiliwa. Anayebaki nyumbani akisubiri orodha anaweza kukosa nafasi na mkopo kwa pamoja. Safiri kwa tarehe iliyoandikwa katika maelekezo ya kujiunga, na kama ada yote haijapatikana, baba yako aulize chuoni mapema utaratibu wa kuilipa kidogo kidogo.

Kinachowaangusha wengi wanaotoka mbali ni mwezi wa kwanza, wakati bumu, kama wanafunzi wanavyoziita fedha hizo za kujikimu, halijaingia na hakuna ndugu wa kukimbilia. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha chakula na malazi kwa mkopaji ni shilingi 10,000 kwa siku. Kizidishe kwa siku 30 utapata shilingi 300,000, na hicho ndicho kiasi ambacho ningewaomba wazazi wako wajitahidi kukitenga kabla hujapanda basi, mbali na ada na nauli. Bumu nalo hulipwa kwa mkupuo, na wapo wanaonunua simu mpya wiki hiyohiyo kisha wakashinda kwa chai na maandazi mpaka mkupuo unaofuata. Wewe lipa kwanza malazi, halafu ugawe kinachobaki kwa wiki.

Kuhusu Gongo la Mboto, sikubaliani na baba yako, ingawa hofu yake naielewa. Mtaa huo uko kupita uwanja wa ndege, nawe utasoma Mlimani, ambako vipindi vingine huanza saa moja asubuhi, jambo litakalokulazimu kugombania daladala kabla ya alfajiri na kuondoka maktaba jioni wakati wenzako ndio kwanza wanaingia. Sisemi kwamba baba yako mdogo atakutumikisha, lakini kila nyumba ina vyombo, watoto na wageni, na msichana aliyemo ndani ndiye anayeitwa kwanza. Omba nafasi ya bweni mara maombi yanapofunguliwa, maana vitanda havitoshi, na wanaovikosa huishia kubebana, yaani kulala wawili katika kitanda cha mmoja kinyume cha kanuni.

Usibishane na baba ana kwa ana. Mtume shangazi yako au mtu mwingine anayemsikiliza, amweleze kwamba baba mdogo atabaki kuwa mlezi wako mjini: namba yake itaandikwa katika fomu za chuo, utamtembelea mwisho wa wiki, na yeye ndiye atakayekupokea. Basi lako litaishia katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kama litaingia usiku naye hajafika, kaa ndani ya kituo mpaka kupambazuke.

Blanketi zito liache Kasulu, chukua chandarua. Migebuka mikavu itakufaa, lakini mwambie mama asikufungie gunia la maharage, kwa sababu mabweni mengi hayaruhusu kupika vyumbani.

SWALI: Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Vumbi, ukavu na upweke vimenishinda, na mama hulia kila nikimpigia simu. Nataka kurudi nyumbani kimyakimya, nijaribu tena mwakani karibu na kwetu.
Aliyechoka

JIBU: Pole sana, mwanangu. Rudi ukitaka, lakini usirudi kimyakimya. Anayetoweka bila taarifa huhesabiwa kuwa ameacha masomo, na kama amekopa, deni linabaki lilelile. Anayeomba kuahirisha kwa maandishi, akaeleza sababu na kukubaliwa, huhifadhiwa nafasi yake. Kabla ya kuandika barua hiyo, nenda kwa mshauri wa wanafunzi na umwambie yote uliyoniambia, hasa upweke, kwa sababu ukavu wa Dodoma mwili huuzoea, ilhali upweke ukifichwa huongezeka.

Mama yako mpangie siku za simu, tuseme Jumatano na Jumapili, na umweleze ulichosoma na ulichokula kabla hajauliza kama unalia. Tafuta vilevile wanafunzi wengine wa Visiwani, ambao kwenye msikiti wa chuo hutawakosa. Kama moyo bado unataka nyumbani, subiri majaribio ya kwanza yapite, maana katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba alama 40 kati ya 100. Baada ya hapo, tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, unaweza kuwa Dar es Salaam kwa saa chache na kuwahi boti. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi.