Maswali na majibu: Dar hadi Ziwa Nyasa kwa barabara

Wiki hizi barua nyingi zinaulizia barabara ya kusini: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, hadi ufukwe wa Matema. Nimefurahi sana, maana wengi wetu tumeipita tukiwa tumesinzia kwenye basi, tukaijua kwa majina ya stendi tu. Nimechagua maswali yatakayowafaa wengi.

Tuna siku tano za likizo. Mume wangu anataka tutoke Dar alfajiri tulale Mbeya, kesho yake Matema. Inawezekana? (Mama wa watoto watatu, Tabata)

Kuwezekana inawezekana, lakini msifanye hivyo. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Dereva mmoja, watoto watatu kiti cha nyuma, na giza litawakuta njiani. Usiku wa kwanza laleni Iringa, kilomita 500 hivi kutoka Dar. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri mtafika jua bado lipo. Siku ya pili sogeeni hadi Mbeya, ya tatu mshinde Tukuyu, kisha mrudi kwa kupumzika tena Iringa. Matema iacheni mpaka mtakapopata siku saba. Kwenda ziwani kulala usiku mmoja na kugeuza ni kuwachosha watoto bure.

Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Tunalipa? Tunaweza kusimama kupiga picha?

Ukipita barabara kuu hulipi. Kiingilio ni kwa anayegeukia getini kuingia ndani, na kwa Mtanzania ni nafuu mno kuliko kwa mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na tembo, twiga, pundamilia na swala huonekana ukiwa kwenye lami. Mwisho wa mwendo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Ukigonga mnyama utatozwa faini kulingana na aina yake.

Usishuke garini. Na tafadhali, usiwarushie nyani hata ganda la ndizi. Nyani aliyezoea kulishwa huhamia barabarani kusubiri magari, na mwisho wake ni chini ya lori. Hili linaniuma kila ninapopita pale. Kama mfuko unaruhusu, lala mji wa Mikumi, uingie hifadhini asubuhi mapema. Bwawa la viboko haliko mbali na geti.

Shikamoo. Nina gari dogo, injini ya cc 1300. Nauogopa mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, kuliko kitu kingine chochote. Litapanda? (Kijana, Kihonda)

Marahaba. Litapanda, mradi ni zima. Hatari ya Kitonga iko zaidi kwenye kushuka, na kwenye haraka ya kuovateki konani.

Ukitoka Mikumi utaingia bonde la Mto Ruaha Mkuu, mibuyu imejaa kulia na kushoto. Usipite bonde hili kwa kasi, ni zuri mno. Simama Ruaha Mbuyuni, pumzisha injini, nunua vitunguu. Angalia maji ya rejeta, lakini usifungue kifuniko injini ikiwa bado ya moto. Kisha panda kwa gia namba mbili, na mshale wa joto ukianza kunyanyuka zima kiyoyozi. Mbele yako kutakuwa na malori ya Zambia na Congo yanayokwenda mwendo wa mtembea kwa miguu. Kaa nyuma yao, kwa nafasi. Utachelewa kidogo tu, na aliye kiti cha pembeni atapata muda wa kulitazama bonde lote likibaki chini.

Siku ya kurudi, shuka kwa gia ileile uliyopandia. Ukiwa na gari la otomatiki, toa gia kwenye D uweke 2 au L. Usikanyage breki mfululizo, zitapata moto na kufeli. Wapo wanaoweka nyutro ili kubana mafuta, usithubutu. Na mlima huu uupite mchana tu.

Iringa kuna nini cha kuwaonyesha watoto?

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Hata kabla hamjaingia mjini mtapita Lugalo. Hapo, Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilikivizia kikosi cha Wajerumani na kukisambaratisha, na kamanda wao, Zelewski, akauawa. Wasimulieni watoto mkiwa palepale. Kesho yake wapelekeni Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini, ilikokuwa ngome ya Mkwawa. Wajerumani waliivunja kwa mizinga mwaka 1894. Yeye aliendelea kupigana porini hadi 1898, akajiua kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na liko kwenye makumbusho ya hapo. Mtoto aliyesoma habari hizi darasani akaja kusimama mbele ya fuvu hilo hatalisahau somo lile.

Isimila iko kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, kwa hiyo ipitieni mkiwa mnaondoka. Ni korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kuliko nyumba. Mashoka ya mawe ya binadamu wa kale yamelala pale, na wataalamu wanayakadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Mchukueni mwongozo wa pale, msiokote jiwe hata moja, na muende kabla jua halijawa kali, maana kivuli ni kidogo. Muda ukibaki jioni mjini, pandeni jiwe la Gangilonga mkaone mji wote.

Njiani tule nini? Nimechoka chipsi mayai.

Kula kile kinacholimwa hapo ulipo. Chalinze ni mananasi. Ilula, ukishamaliza Kitonga, ni nyanya na vitunguu. Nunua vya kurudi navyo siku ya mwisho, visiozee garini. Iringa omba ugali na mboga za majani, na kama ni majira ya mvua utaona ulanzi, utomvu wa mianzi. Ukiwa umegemwa siku hiyo ni mtamu, ukilala unalevya. Anayeendesha asiuguse kabisa.

Tukuyu ndiko kwenye karamu. Mvua hainyimi ardhi ile: ndizi, magimbi, maparachichi, na mashamba ya chai hadi macho yachoke. Agiza ndizi zilizopikwa na maharage au nyama, na usiondoke bila chai ya maziwa. Ukishuka Kyela joto linakupokea, na mbele ya nyumba utaona kakao imeanikwa kwenye mikeka. Mchele wa Kyela una sifa nchi nzima, lakini kuula palepale, na dagaa au samaki wa Ziwa Nyasa, ni jambo jingine. Kama akipatikana mbasa, usiulize mara mbili.

Twende mwezi gani? Tubebe makoti?

Bebeni, hasa Juni na Julai. Mbeya na Njombe kuna baridi ya kweli. Kwa anayetaka maua ya Kitulo, hifadhi tangu 2005 ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, aende kati ya Desemba na Aprili, na awe na gari la juu kwa sababu ya tope. Wenye gari dogo waende kiangazi na waridhike na Daraja la Mungu kule Tukuyu, mwamba ulioukatiza Mto Kiwira. Ziwa Ngozi pia ni zuri, ila njia yake ya msituni huteleza mvua ikinyesha.

Sina gari. Nikose?

Hapana. Panda basi Stendi ya Magufuli, Mbezi, ushukie Iringa, ulale. Kesho yake chukua la Mbeya, na kutoka hapo kuna magari ya Tukuyu na Kyela kutwa. Kwenda Matema utabadilisha gari Kyela. Isimila na Kalenga kodi bajaji, mkubaliane kwanza bei ya kwenda, kusubiri na kurudi.

Nasikia Matema kuna vyungu. Vinafika Dar bila kuvunjika?

Ni vyungu vya Wakisi, vinafinyangwa na akina mama wa Ikombe, kijiji kilicho chini ya milima ya Livingstone, na unafika kwa boti kutoka Matema. Nenda ukawanunulie wao wenyewe, usibishane sana bei; ukiona udongo ule unavyosuguliwa na kuchomwa utaelewa kwa nini. Mkiwa huko waulizeni wenyeji mahali pa kuogelea, kwani baadhi ya sehemu zina mamba, na laleni ndani ya chandarua. Vyungu vifungeni kwa majani makavu ya migomba, vidogo ndani ya vikubwa, na viwekwe miguuni kwa abiria wa nyuma. Kwenye buti, matuta ya Mikumi yatavimaliza.