Kwenda shamba kupumzika na kuchora: beba kidogo, kaa sehemu moja

Likizo ya kuchora huharibiwa na mambo mawili: mzigo mkubwa na ratiba ndefu. Anayehama nyumba ya wageni kila baada ya siku 2 huishia kufunga na kufungua begi tu. Kaa sehemu moja wiki nzima. Bonde lilelile saa 2 asubuhi na saa 11 jioni ni picha mbili tofauti kabisa, na kadiri siku zinavyopita jicho huanza kuona vitu ambavyo siku ya kwanza liliviruka.

Kabla ya kulipia malazi, uliza maswali ambayo wageni wengine hawaulizi. Kuna baraza yenye kivuli? Imeelekea wapi? Baraza inayotazama magharibi hupigwa na jua la usoni alasiri nzima. Kuna meza ambayo haitaleta ugomvi ikidondokewa na rangi? Na mandhari yenyewe iko mbali kiasi gani kwa miguu? Ikizidi dakika 20, siku ya pili tu utaanza kujitafutia visingizio.

Kwa safari ya kupumzika, rangi za maji hazina mpinzani. Rangi za mafuta ni tamu kuchorea, ila picha huchukua siku kadhaa kukauka, na tapentaini ya kuzizimulia hairuhusiwi kwenye ndege. Rangi 6 zinatosha. Majina hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo soma namba ya pigmenti (unga unaoipa rangi rangi yake) kwenye tyubu: PB29 ni bluu ya ultramarini, PB15 ni bluu kali inayoelekea kijani, PY3 ni njano ya limau, PY42 au PY43 ni njano ya udongo, PV19 chukua ile ya waridi, na PBr7 chukua kahawia yenye wekundu. Nyeusi iache nyumbani. PB29 na PBr7 zikichanganywa nzito hutoa weusi mzuri kuliko wa dukani, na zikizimuliwa kwa maji hutoa kijivu cha mawingu ya mvua.

Kwenye karatasi usibane matumizi. Nunua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza, iliyogundishwa kingo zote kama bloku. Karatasi nyepesi hujikunja ikilowa, rangi ikatuama kwenye mabonde yake. Ukubwa wa sentimita 18 kwa 26 hivi unatosha. Kubwa zaidi ya hapo haimaliziki kabla jua halijasogea. Ongeza brashi 2 za duara, namba 12 na namba 6, penseli ya 2B, lita 1 ya maji, vikombe 2 (cha kuoshea brashi na cha maji safi), kitambaa cha pamba na kiti cha kukunja.

Ukifika, usianze na rangi. Tembea, kaa, angalia kivuli kinaangukia wapi na saa ngapi. Chagua sehemu 3 tu: moja ya asubuhi, moja ya jioni, na moja ya barazani kwa siku ya mvua. Mchana jua likiwa utosini vivuli hufupika na kila kitu huonekana bapa. Huo ni muda wa kula na kulala, wala usione haya.

Picha moja ichukue dakika 90. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukizidisha saa 2 utakuwa unachora mahali pengine. Dakika 10 za mwanzo chora kijipicha cha ukubwa wa kiberiti chenye ngazi 3 tu: nyeupe, ya kati, nyeusi. Kodoa kwanza, kisha finya macho mpaka majani yapotee yabaki maumbo. Kijipicha kisiposimama, picha kubwa haitasimama pia. Halafu weka mistari michache ya penseli, na papo hapo weka alama ya mipaka ya vivuli. Mipaka hiyo ibaki hivyo hata vivuli vyenyewe vikihama. Wanaovifuata huishia na picha yenye majua mawili.

Karatasi iwe kivulini, hata kama ni kivuli cha mwili wako. Juani weupe wake huumiza macho na rangi huonekana nyepesi kuliko zilivyo, unazidisha, na ukiingia ndani unakuta picha nzito kama usiku. Mwavuli wa rangi nao hudanganya, maana mwekundu hutia wekundu kila kitu. Miwani ya jua vua.

Anza na anga na ardhi kwa rangi nyepesi yenye maji mengi, bloku ya karatasi ikiinama kidogo ili rangi iteremke yenyewe. Kisha subiri. Hapa ndipo picha nyingi hufa. Karatasi inayong'aa bado ni mbichi na unaweza kuongeza rangi. Ikipoteza mng'ao lakini haijakauka, ondoa mkono: brashi yenye maji mengi ikigusa hapo itasukuma rangi ya chini pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi lisilotoka. Kujua kama imekauka, gusa kwa mgongo wa vidole. Ikiwa ya baridi, bado. Mdudu akitua kwenye rangi mbichi mwache, utampangusa ikikauka. Ukimtoa sasa utaburuta mstari hadi ukingoni.

Shida kubwa ya mashamba ni kijani. Ukitumia kijani kimoja cha tyubu kuanzia miguuni hadi mlimani, picha hugeuka zulia. Changanya mwenyewe: PY3 na PB15 kwa majani machanga yenye jua, PY42 na PB29 kwa nyasi zilizokomaa, kisha tone la PBr7 kwa kijani cha kivulini. Kadiri unavyokwenda mbali punguza njano, ongeza bluu na maji. Kilima cha mwisho mara nyingi ni bluu ya kijivu tu, japo akili inasisitiza kwamba kuna miti pale. Amini jicho.

Dakika 15 za mwisho ni za weusi: chini ya paa, shina la mti, ufa wa ukuta. Rangi ya maji hupauka ikikauka, kwa hiyo ikoleze kidogo kuliko unavyoona inafaa. Kisha acha. Kurekebisha fanya kesho.

Kama umekwenda na familia, patana nao mapema: dakika 90 za asubuhi ni zako, mchana ni wa wote. Picha ya pili kwa siku ni ya mwenye hamu, si ya lazima.

Jioni osha brashi, zilaze. Zikisimama ndani ya kikombe manyoya hupinda na gundi hulegea. Kisanduku cha rangi kiache wazi usiku kucha, kwa sababu kikifungwa na unyevu huota ukungu. Na picha usizifunge begini mpaka zikauke kabisa, karatasi safi ikitenganisha kila moja.