Dada yako ana haki kwenye kihamba

Pole sana ndugu yangu. Baba yenu mdogo huko Kibosho, Kilimanjaro, anamnyima dada yako sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, kwa hoja kwamba mwanamke ataolewa aondoke. Usianze kikao cha ukoo kwa kuitukana mila, wazee watafunga masikio hapo hapo. Muulize kwa upole: tangu mama alipougua, nani anakata majani ya ng'ombe, anapalilia migomba, anachuma kahawa? Kwa maelezo yako ni dada, na ukoo mzima unajua. Mimi hapo ndipo ningekazia. Sheria iweke akiba: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Akigoma, nendeni baraza la ardhi la kijiji. Masale, ile mimea inayoonyesha mpaka wa shamba, msiyang'oe.