Wadogo zangu wa Kigoma mnaosubiri usaili wa kazi za akili mnemba

Nimekaa na baadhi yenu pale Mwanga kwenye usaili wa mazoezi. Nawapenda, ila mnanizeesha.

1. Swali halijaisha, mtu kashaanza kuchapa programu. Jamani! Uliza kwanza: orodha ya namba niliyopewa imepangwa? Namba zinajirudia? Ikiwa tupu je? Kama imepangwa, msaili anasubiri useme utatafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, wewe unamwandikia lupu (marudio) mbili, moja ndani ya nyingine. Na ongea huku unaandika. Ukikaa kimya atadhani mtandao umekata, na kwa bando zetu hizi huwezi kumlaumu.

2. Msaili akiwa San Francisco, saa nne yake ya asubuhi ni saa mbili usiku kwetu. Desemba, wakisharudisha saa zao nyuma, ni saa tatu. Chaji pawabenki.

3. Mradi ulioandika kwenye CV uujue mpaka mizizi. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ya kutambua ugonjwa wa batobato kwenye majani ya muhogo, picha nimepiga mwenyewe shambani kwa shangazi, Mwandiga, na kwa majirani zake. Usahihi asilimia 98! Niliiweka juu kabisa, herufi nzito. Msaili, dada mpole tu, akanipongeza, kisha akauliza, "Shina moja ulilipiga picha ngapi?" Nikajibu kwa maringo: nane, tisa, kila upande. "Na picha za kuifundisha modeli na za kuijaribu ulizitenganishaje?" Nikasema nilizichanganya zote, kompyuta ikagawa yenyewe. Akanyamaza. Jasho likaanza kunitoka kabla akili haijafika: shina lilelile lilikuwa pande zote mbili. Modeli ilikariri mashina ya shangazi, ugonjwa haikuujua. Ningesema hivyo tu, pengine ningepona. Badala yake nikaanza kumwaga misamiati, tabaka za mtandao wa neva, kasi ya kujifunza, mpaka na aina ya kamera. Akasikiliza yote, akasema asante. Nilipogawa upya, shamba zima upande mmoja, ile 98 ikaporomoka hadi sabini na kitu. Na bado hakuniuliza ule ugonjwa mwingine, michirizi kahawia, unaoozesha mizizi huku majani yakikudanganya! Shangazi aliwahi kuniuliza mbona napiga muhogo uleule. Nikamjibu, "Shangazi, haya mambo ya kompyuta."

4. Softimaksi, ile hesabu ya kugeuza namba ziwe uwezekano: toa namba kubwa kuliko zote kabla ya kupandisha kipeo, la sivyo jibu linaweza kufurika, likawa kubwa kuliko kompyuta inavyoweza kubeba.

5. Transfoma, ile aina ya mtandao wa neva ya 2017, si ya TANESCO: maandishi yakirefuka maradufu, hesabu ya atensheni, yaani kulinganisha kila neno na kila neno, inakuwa mara nne. Kuna ndugu yetu aliulizwa hilo akaeleza kwa ufasaha kabisa, kumbe kanukuu kwenye karatasi aliyobandika ukutani, macho yanasoma kushoto kwenda kulia kama mtangazaji wa habari. Msaili akamwomba ageuze kamera.

6. Mshahara usiuulizie kabla ya swali la kwanza. Yupo aliyefanya hivyo. Namjua, na anajijua.