Mwanangu, kuhusu nyumba ya bibi yako

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku uleule ila nilishindwa kujibu. Umeuliza mawili kwa mpigo: tuiuze nyumba ya bibi yako Muheza au tuiache, na kwa nini toka tumemzika nazungushazungusha tu kwenda kuifungua, hata nguo zake sijatoa. Na dalali anasubiri. Sasa nivumilie, nitajibu kwa kuzunguka kidogo, maana jibu langu liko kwenye maisha ya yule mama Mwingereza wa hadithi za mauaji, Agatha Christie, ambaye unajua mimi nimemsoma toka niko sekondari mpaka leo.

Watu wanamjua kwa Poirot, yule mpelelezi wa kwenye hadithi zake, na sumu. Lakini kile kitabu alichoandika kuhusu maisha yake mwenyewe, kilichotoka 1977 mwaka mmoja baada ya kufariki, kimejaa nyumba. Kuna kipindi alikuwa na nyumba nane, nane kabisa, na mimi nikisoma naona kama ni mtu anayetafuta ileile moja.

Hiyo moja inaitwa Ashfield. Alizaliwa humo 1890, Torquay, mji wa pwani huko Devon, Uingereza. Baba yake alifariki 1901 yeye ana miaka 11 na hela nazo zilikuwa zimekata, mama yake Clara akawaza auze ahamie kanyumba kadogo, watoto wakamsihi asiuze na Agatha ndo aliyelilia zaidi. Ikabaki. Binti yake Rosalind akazaliwa humohumo 1919. Halafu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Clara akabanwa tena na maisha, mume wa Agatha, Archie, akasema si auze tu hiyo nyumba, Agatha akashtuka kama kaambiwa auze mtu, ndo Archie akamwambia basi fanya kitu, andika kitabu kingine. Kitabu cha kwanza kilikuwa kimemwingizia pauni 25 tu! Akaandika cha pili, kikatoka 1922. Hapo mimi huwa nafunga kitabu kwanza. Kuandika alishaanza kweli, na sumu alishazijua kwenye famasi ya hospitali hapohapo Torquay wakati wa vita, ila kilichomrudisha mezani ni kutaka mama yake asitolewe kwenye nyumba yake.

Sasa sikiliza hii ndo nataka uisikie. 1926 Clara akafa. Archie alikuwa mtu asiyeweza kukaa na msiba, akabaki London, na Agatha akaenda Ashfield kusafisha nyumba, yeye na katoto kake na wasaidizi tu. Vyumba vimejaa vitu vya miaka na miaka, paa linavuja, masanduku, nguo za marehemu, barua, anafanya kazi masaa kumi kwa siku na zaidi, chakula hali vizuri, usingizi hapati, anabeba anatupa analia. Siku moja akataka kusaini cheki akasahau jina lake, akaandika jina la mtu wa kwenye riwaya aliyowahi kusoma. Mwanangu, mtu kasahau jina lake mwenyewe kwa kupanga vitu vya mama yake! Halafu Agosti Archie akaja kwa ajili ya bethidei ya mtoto, ndo akamwambia amempenda mwanamke mwingine. Disemba, kwenye nyumba yao ya Sunningdale, ambayo waliipa jina la Styles kutokana na kile kitabu cha kwanza na mwenyewe anasema ilikuwa na mkosi, kila aliyekaa humo kabla yao aliharibikiwa, Agatha akatoka usiku na gari, akapotea siku 11, nchi nzima inamtafuta, akakutwa hotelini Harrogate. Watu mpaka leo wanabishana alikuwa anafanya nini. Mimi sibishani. Mimi nikifika hapo naona Ashfield, naona yule mama peke yake na masanduku.

Baadaye alipona. Akaolewa na Max Mallowan, mwanaakiolojia, 1930, wakanunua nyumba Wallingford ambako ndiko alikofia, na kule Nimrud Iraki, kwenye magofu ya kale Max alikokuwa akichimba, wakamjengea chumba kidogo mlangoni kimeandikwa Beit Agatha, yaani nyumba ya Agatha, kwa maandishi ya kale ya hukohuko, humo ndo alianza kuandika hicho kitabu cha maisha yake. Kuandika kwenyewe alikuwa hana masharti, anachotaka ni meza isiyotikisika na taipureta.

Na Ashfield aliiuza, ndiyo, mwenyewe. Ilipotangazwa Greenway, nyumba nyeupe juu ya mto Dart, pauni 6,000, mwaka 1938, alikumbuka mama yake alikuwa akisema hiyo ndo nyumba nzuri kuliko zote za mto ule, akaiacha ya mama akanunua ile mama aliyoisifia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa majini wa Kimarekani wakakaa humo, wakaacha vyoo 14 na michoro ya safari yao ukutani kwenye maktaba, wakubwa wa jeshi wakataka kuifuta michoro akakataa, mpaka leo ipo, wageni wanaiona. Kile kibanda cha kuwekea boti cha hapo Greenway alikiingiza kwenye hadithi ya 1956, maiti akaiweka humo.

Miaka ya sitini akasikia Ashfield inabomolewa, akahangaika kuinunua, akachelewa. Ilimchukua muda mrefu sana kupata moyo wa kupita mtaa ule. Alipopita akakuta vijumba vipya tu, hakuna kitu cha kumkumbusha chochote. Anasema akiota nyumba ni mara chache sana kuota Greenway, ni Ashfield siku zote.

Kwa hiyo swali la kwanza: uza. Wewe huwezi kurudi kukaa Muheza, mdogo wako yuko mbali, mimi magoti hayaniruhusu, na nyumba bila mtu mchwa wanaila. Sikuzuii na wala sitalalamika baadaye.

Swali la pili, naogopa, ndo maana nazungusha. Naogopa kufungua ule mlango mwenyewe, nikae na kile kitanda na ile harufu ya karafuu kwenye nguo zake. Peke yangu siendi. Mwambie dalali asubiri, omba likizo siku nne tano, mwambie na mdogo wako, tulale humohumo tupange wote. Hati ninayo mimi. Ufunguo uko kwa jirani. Stoo mtafanya nyie, ila lile sanduku la kanga msiliguse mpaka niwepo nimekaa.

Mama yako