Mnaoanza kupima mitetemo saiti, anzeni na nyufa kwanza

Wadogo zangu mnaoingia saiti mara ya kwanza na mmekabidhiwa jiofoni, yaani kifaa cha kupima mtetemo, kile kifaa siyo kazi yenyewe, kazi ni nyumba za watu. Mi nilipoanza nilijua kusoma namba tu. Nikaingia kwa mama mmoja mtu mzima, ukuta wake unapakana na uzio wetu, nikapiga picha kama kumi harakaharaka nikaaga. Wiki ya tatu tumeanza kushindilia barabara akaniita, "Mwanangu, hebu njoo uone mlichonifanyia." Ufa umetoka kona ya fremu ya mlango unapanda kimshazari hadi darini. Nikamulika tochi, ndani ya ufa kuna rangi, yaani fundi rangi alipita hapo ufa ukiwepo tayari. Sasa utamthibitishia nani? Kwenye picha zangu mlango upo ila sehemu ya juu nimeikata. Tulimlipia plasta na ofisini nilisemwa mpaka nikachoka.

Kwa hiyo kabla rola haijashuka kwenye lori, pita kila chumba, na choo pia, na ukuta wa nje, piga picha na rula ikiwa imewekwa pembeni ya ufa, andika upana, halafu pale ufa unapoishia weka kamstari ka penseli na tarehe (omba ruhusa kwanza, ukuta wa mtu huo). Ufa ukivuka mstari wako umekua, usipovuka haujakua, hata mwenye nyumba anajionea bila wewe kumhubiria. Na yeye atembee na wewe, msaini wote wawili.

Tukija kwenye namba, tunapima kasi ya juu kabisa ya chembe za udongo au ukuta, kwa milimita kwa sekunde. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150-3 kinatoa 5 kwenye msingi wa nyumba ya kuishi na 3 kwa jengo la kihistoria au dhaifu, hiyo ni mtetemo ukiwa chini ya hezi 10 (yaani mitikisiko 10 kwa sekunde), hezi zikipanda na kikomo kinapanda. Wengi wanaoanza wanaripoti kasi wanasahau hezi, ripoti ya hivyo haina maana, kwa sababu mtetemo wa polepole ndo unaoisumbua nyumba zaidi. Uingereza wana BS 7385 ambayo imelegea zaidi, ndo maana muulize msimamizi mapema mkataba wenu unafuata ipi, usije ukachanganya.

Halafu kuna hili ambalo hakuna aliyeniambia: binadamu anausikia mtetemo mapema mno kuliko ukuta. Kwenye 0.3 hivi mtu aliyekaa kwenye kochi lake anausikia, ukifika 1 malalamiko yanaanza, na nyumba bado haijapata chochote. Usimwambie "namba ziko sawa mama" wakati vikombe vinagongana kabatini, utaonekana muongo. Mwambie siku moja kabla, saa ngapi tunaanza, saa ngapi tunamaliza, na kweli mmalize saa hiyo. Mtu aliyeambiwa anavumilia kiasi chake.

Rola kubwa ya kutetema ikiwa mita 7 na nusu kutoka kwenye nyumba inatoa kama 5, ukiisogeza hadi mita 15 inashuka karibu na 2. Lakini inategemea na udongo, kwa hiyo pima siku ya kwanza hapohapo saitini kwako. Kuzamisha nguzo za msingi ardhini kwa nyundo ya mashine ndo balaa lenyewe, umbali uleule unazidi rola karibu mara tatu. Na muangalie opereta anapowasha na kuzima mtetemo, maana mashine ikiwa inapanda au inashuka mizunguko inapitia zile hezi ambazo nyumba yenyewe inazipenda, hapo namba kwenye kifaa inaruka ghafla. Awashe mbali, azime mbali, akikaribia nyumba apite bila mtetemo hata kama itabidi arudie mara nyingi kwa tabaka nyembamba. Foremani atalalamika, na alalamike.

Jiofoni ifunge kwenye msingi au chini kabisa ya ukuta unaotazama kazi, isikae juu ya zulia wala kigae kinachocheza, utapima zulia. Jengo la zamani weka na nyingine ghorofa ya juu, kule linayumba zaidi. Na kama udongo ni mchanga mlegevu usiridhike na jiofoni peke yake, unaweza ukakaa chini ya kikomo siku zote na mchanga ukawa unajipanga taratibu, msingi unashuka upande mmoja, kwa hiyo chukua na levo za ukuta (vipimo vya kimo chake) kabla, halafu kila wiki.

Lingine ni daftari. Kuna siku kifaa kilinitumia meseji saa 1 usiku, namba 7, saiti imefungwa tangu saa 11. Nikakimbia mpaka kule nakuta watoto wanaruka kamba hatua moja kutoka kwenye jiofoni, nikaandika saa, nikaandika kamba, nikapiga na picha ya kifaa kilivyokaa. Mwezi uliofuata mtu wa bima aliushika mstari uleule kwenye chati, nikamfungulia ukurasa.