Vita vya mbali vilishafika ziwani kwetu

Kaka, unasema vita vya Sudan na Gaza havituhusu sisi wa Mwanza. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti kutoka Rwanda hadi ndani ya ziwa hili hili, watoto wachanga wakiwemo. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, kuingia Ngara ndani ya takribani saa 24.

Hapa Kirumba, kwenye nyumba tuliyopanga, alikuwepo binti aliyetoka Rwanda, miaka saba tu. Mvua ikipiga bati, anaingia mvunguni, kandambili mkononi, tayari kukimbia. Huyo alipigana na nani? Mama alikuwa anainama na kikombe cha uji, anamwita polepole mpaka atoke. Usiku mwingine hatoki.